Korongo kurudi kundini: Jinsi ndege wa porini waliotunzwa wanavyorejeshwa kwa wenzao

KUMFUNGULIA ndege mlango wa kizimba ni kazi ya dakika moja. Kumwandaa ndege huyo ili aweze kuishi baada ya mlango kufunguliwa ni kazi ya miezi mingi, na wakati mwingine ni kazi isiyowezekana kamwe.

Hilo ndilo somo kuu walilolipata wataalamu wa wanyamapori ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwatibu ndege walioumia, waliolishwa sumu au waliofugwa kinyume cha sheria, kisha wakajaribu kuwarudisha porini. Kwa ndege anayeishi peke yake, kama vile bundi, jambo la msingi ni kama anaweza kuruka na kujitafutia windo. Lakini kwa ndege waishio kwa makundi, kuna swali la pili lililo gumu zaidi: Je, wenzake watampokea? Na je, yeye mwenyewe bado anajua kwamba hao ndio wenzake?

Makala haya yanaieleza safari hiyo kwa kumtazama ndege mmoja anayefahamika vyema katika eneo hili la Afrika Mashariki, yaani korongo mwenye taji, na hasa juhudi ambazo zimefanywa nchini Rwanda tangu mwaka 2014 kuwatoa ndege hao katika bustani za watu na kuwarejesha walikotoka.

NDEGE WA HADHI ALIYE HATARINI

Korongo mwenye taji ni ndege mrefu, wa kimo cha takriban mita moja, mwenye mwili wa kijivu, mashavu meupe, kifuko chekundu shingoni na kishungi cha manyoya ya rangi ya dhahabu kichwani. Nchini Uganda, ndege huyu ndiye aliye katikati ya bendera ya taifa. Wanyarwanda humwita umusambi, na tangu jadi wamemhusisha na utajiri na maisha marefu.

Kuna aina 15 za korongo wa jamii hii duniani. Aina mbili zenye taji, zote za Afrika, ndizo pekee ambazo hutua na kulala juu ya miti, kwa kuwa zina kidole cha nyuma kirefu kinachoweza kushika tawi. Korongo wetu hujenga kiota katikati ya matete na nyasi za kinamasi, hutaga mayai mawili hadi matano, na wazazi wote wawili huyaatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Vifaranga huanza kutembea mapema sana, lakini huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuweza kuruka.

Licha ya heshima anayopewa, hali ya ndege huyu si nzuri. Katikati ya miaka ya 1980, ilikadiriwa kwamba korongo wa aina hii walikuwa zaidi ya 100,000 kote Afrika Mashariki na Kusini. Kufikia miaka ya 2010, makadirio yalikuwa yameshuka hadi kati ya 26,500 na 33,500. Mwaka 2012, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) ulimweka katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kuangamia.

Sababu zake zinafahamika. Vinamasi vimekaushwa na kugeuzwa mashamba. Mayai na vifaranga huchukuliwa kutoka viotani. Korongo hula nafaka iliyotoka kupandwa, na baadhi ya wakulima huwatilia sumu. Wengine hugonga nyaya za umeme wakiwa angani. Kenya na Uganda ndizo zenye idadi kubwa zaidi ya korongo waliobaki, jambo ambalo linaipa nchi hii jukumu zito. Wapo wakazi wa Ol Bolossat kaunti ya Nyandarua, Kingwal kaunti ya Nandi na Saiwa kaunti ya Trans Nzoia ambao bado huamka kwa sauti zao alfajiri.

KUTOKA BUSTANINI HADI AKAGERA

Nchini Rwanda, uzuri wa korongo ulikuwa ndio msiba wake. Kwa muda mrefu ilikuwa desturi kwa hoteli na watu wenye uwezo kumweka korongo mmoja au wawili kwenye bustani kama mapambo. Vifaranga walichukuliwa kutoka vinamasini na kuuzwa. Ili wasiruke, walikatwa manyoya ya bawa, na wengine walivunjwa au kukatwa mfupa wenyewe. Wengi hawakupata lishe waliyohitaji, na ni nadra korongo aliye kifungoni kuzaa.

Mwaka 2014, Dkt Olivier Nsengimana, daktari wa wanyama ambaye awali alikuwa akiwatibu sokwe wa milimani, alianzisha mradi wa kuwaokoa ndege hao. Kutokana na mradi huo, likazaliwa shirika la Rwanda Wildlife Conservation Association (RWCA), ambalo limefanya kazi hiyo kwa ushirikiano na serikali ya nchi hiyo.

Hatua yao ya kwanza haikuwa kuwavamia watu na kuwanyang'anya ndege. Walitangaza kwamba yeyote aliyekuwa na korongo nyumbani angeweza kumwandikisha bila kuadhibiwa. Wenye ndege walijitokeza, korongo wakaandikishwa na kuvishwa pete miguuni, na kwa njia hiyo ikawa vigumu kwa mtu kuleta korongo mwingine kisirisiri na kudai kwamba alikuwa naye tangu zamani. Soko likakosa wateja kabla ya vizimba kuanza kufunguliwa.

Utaratibu huo una maana kubwa. Kumwachilia ndege porini huku biashara iliyomtoa huko ikiendelea ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Nafasi anayoiacha bustanini hujazwa na kifaranga mwingine aliyeibwa kiotani.

Baada ya hapo, korongo walianza kukusanywa, kuchunguzwa na kutenganishwa. Zaidi ya 150 walionekana kuwa na uwezo wa kurudi porini, nao wakapelekwa Mbuga ya Taifa ya Akagera, mashariki mwa Rwanda, mpakani na Tanzania. Huko kuna maziwa, mafunjo na nyika pana, na muhimu zaidi, kuna korongo wa porini.

KARANTINI KWANZA

Msomaji huenda akajiuliza kwa nini ndege aliyeokolewa asipelekwe moja kwa moja mbugani. Jibu ni kwamba anayelindwa kwanza katika shughuli hii si ndege aliyeokolewa, bali ni kundi linalomngoja.

Korongo aliyeishi uani karibu na kuku, bata na njiwa anaweza kuwa amebeba kideri, homa ya ndege, kifua kikuu cha ndege au minyoo ya aina mbalimbali. Yeye mwenyewe aweza kuonekana mzima kabisa. Akiingia katika kundi la korongo wanaolala pamoja juu ya mti mmoja na kunywa maji ya kidimbwi kimoja, ugonjwa huo huweza kuwaangusha ndege wengi ambao hawakuwa na tatizo lolote. Wema wa kumwokoa mmoja ungekuwa umewaua kumi.

Ndiyo sababu miongozo ya IUCN kuhusu kuwahamisha na kuwarejesha wanyama porini, iliyotolewa mwaka 2013, inasisitiza uchunguzi wa magonjwa kabla ya kumwachilia mnyama yeyote. Ndege hutengwa kwa wiki kadhaa. Damu na kinyesi chake hupimwa. Miguu yake hukaguliwa, kwa kuwa ndege aliyesimama muda mrefu kwenye sakafu ngumu hupata vidonda vya nyayo. Hupimwa uzito mara kwa mara ili kujua kama anapata nguvu au anadhoofika.

Hata namna ya kumshika inahitaji ujuzi. Ndege wenye miguu mirefu, kama vile korongo, heroe na mbuni, wakikimbizwa na kushikwa kwa muda mrefu huweza kuharibika misuli kutokana na hofu na kuchoka. Ndege aliyekamatwa asubuhi akiwa mzima huenda jioni akashindwa kusimama, na wengi wa wanaofikia hali hiyo hufa. Kwa hiyo watunzaji humkamata haraka, humfunika macho ili atulie, na hawamkunji miguu kwa muda mrefu.

BAWA NDILO SHAHADA

Baada ya afya, linalofuata ni bawa. Hapa kuna tofauti ambayo kila anayeguswa na habari za ndege hawa anapaswa kuijua.

Unyoya ni kama ukucha. Ukikatwa, sehemu iliyobaki haikui tena, lakini wakati wa kupukutika ukifika, hung'oka na unyoya mpya huota mahali pake. Korongo aliyekatwa manyoya kwa mkasi anaweza kuruka tena, mradi apewe muda na chakula bora. Muda huo waweza kuwa miezi, au hata kupita mwaka. Lakini korongo aliyekatwa ncha ya bawa pamoja na mfupa wake hataruka tena maishani. Mfupa haurudi.

Hata mwenye manyoya kamili hawezi kuachiliwa mara moja. Ndege aliyekaa miaka mitatu katika uga mdogo hana nguvu kifuani. Anahitaji kizimba kikubwa cha wavu ambamo anaweza kupiga mbawa, kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kujifunza tena kutua juu ya tawi. Akiishiwa pumzi baada ya kuruka mara mbili, hawezi kumkimbia mbweha wala kulifuata kundi linalohama kinamasi kimoja kwenda kingine.

KUMSAHAU BINADAMU

Jeraha lililo gumu zaidi kutibu halionekani kwa macho. Ni mazoea.

Kifaranga wa korongo, mara anapoanguliwa, humwandama kiumbe wa kwanza anayemtunza na kumchukua kuwa mzazi wake. Porini, kiumbe huyo ni korongo. Nyumbani kwa mtu, ni mtu. Kifaranga aliyelelewa na binadamu peke yake hukua akijidhania kuwa mmoja wetu, na akikomaa, huenda akamtafuta mchumba miongoni mwa watu.

Mfano maarufu ulitokea Marekani. Korongo wa aina nyingine, aliyeitwa Tex, aliangulwa katika bustani ya wanyama ya San Antonio katika miaka ya 1960 na kulelewa na binadamu. Jamii yake ilikuwa karibu kutoweka, kwani mwaka 1941 walikuwa wamebaki takriban 20 tu duniani, hivyo kila yai lilikuwa na thamani. Lakini Tex hakuwataka korongo wenzake. Kuanzia mwaka 1976, mtaalamu George Archibald, mmoja wa waanzilishi wa Wakfu wa Kimataifa wa Korongo, alilazimika kuishi karibu naye na kucheza naye ngoma ya uchumba ya korongo, akirukaruka na kupunga mikono, ili mwili wa ndege huyo uwe tayari kutaga. Ilichukua hadi mwaka 1982 kupata kifaranga mmoja, kwa mbegu zilizopandikizwa na wataalamu.

Kisa hicho huwachekesha wengi, lakini funzo lake ni chungu. Ndege asiyejua kwamba yeye ni ndege hawezi kusaidiwa na mlango ulio wazi. Atatoka, ataruka, kisha atatua kwenye ua wa nyumba ya kwanza atakayoiona ili aombe chakula. Huko ataliwa na mbwa, atapigwa mawe au atakamatwa tena.

Kwa sababu hiyo, watunzaji wenye ujuzi hupunguza kuonekana kwao kadiri iwezekanavyo. Hawazungumzi na ndege, hawampi jina la mahaba, wala hawamlishi mkononi. Vifaranga yatima hulelewa pamoja na vifaranga wenzao au karibu na korongo wazima. Katika baadhi ya nchi, walezi huvaa mavazi meupe yanayowaficha mwili na kutumia kikaragosi chenye umbo la kichwa cha korongo wanapowalisha vifaranga.

KUNDI NI SHULE

Kwa nini kundi linahitajika kiasi hicho? Mosi, kundi ni macho. Korongo anapoinamisha kichwa kudonoa panzi, mbegu, chura au nyungunyungu, hawezi kumwona adui anayenyemelea. Katika kundi, daima kuna mmoja aliyeinua shingo.

Pili, kundi ni kumbukumbu. Mgeni hajui ni mti gani ulio salama kulala, ni kinamasi kipi hubaki na maji wakati wa kiangazi, wala ni shamba lipi lina wakulima wakali. Akiwafuata wenyeji, hujifunza mambo hayo kwa siku chache. Akiwa peke yake, hujifunza kwa kukosea, na porini kosa moja latosha.

Tatu, kundi ndipo mahali pa kupata mwenzi. Korongo huishi wawili wawili, na jozi hudumu pamoja kwa miaka mingi. Wale ambao hawajapata wenza, hasa vijana, hukaa katika makundi makubwa, ambamo hucheza, huinamiana, huruka juu na kurusha vijiti hewani. Korongo aliyeokolewa akionekana akicheza na korongo wa porini, watunzaji wake hupumua.

MAJIRA NA MAHALI

Ni kwa sababu hiyo kwamba siku ya kumwachilia haichaguliwi kiholela. Jozi iliyo na kiota hulinda eneo lake kwa ukali na humfukuza korongo yeyote mgeni. Nje ya msimu wa kuzaa, hali hubadilika. Jozi na watoto wao hujiunga na vijana ambao hawajaoana, makundi huwa makubwa na wageni huingia kwa urahisi. Mgeni yule yule ambaye angepigwa midomo wakati wa viota, wakati wa makundi hupata nafasi pembezoni, kisha polepole husogea katikati.

Wataalamu hutumia njia mbili. Ya kwanza ni kumwachilia papo hapo. Hii humfaa ndege mzima aliyeugua kwa siku chache tu, kwa mfano aliyejikwaa kwenye waya au kuzirai kwa sumu nyepesi. Huyu hurudishwa alikookotwa, tena haraka, kwa kuwa huenda mwenzi wake angali anamngoja. Kumweka wiki nyingi bila sababu ni kumvunjia ndoa.

Njia ya pili ni kumwachilia polepole, na ndiyo ifaayo kwa ndege aliyefugwa muda mrefu. Kizimba hujengwa pale pale mbugani, mahali ambapo korongo wa porini wanaonekana na kusikika. Wageni na wenyeji huzoeana kwa macho na sauti kupitia wavu. Mlango hufunguliwa asubuhi, kukiwa na hali nzuri ya hewa, ili ndege apate mchana kutwa wa kutafuta chakula na mahali pa kulala. Hakuna anayemsukuma. Chakula huendelea kuwekwa kwa muda, kikipunguzwa kidogo kidogo, na anayetaka kurudi kulala ndani huruhusiwa. Huko Akagera, korongo walipewa muda wa manyoya kuota, kisha wakaondoka wenyewe kadiri kila mmoja alivyopata nguvu.

MAFUNZO KUTOKA AFRIKA KUSINI

Korongo si ndege wa pekee wa Afrika kurejeshwa kwa kundi. Afrika Kusini imefanya kazi hiyo kwa idadi kubwa zaidi, na visa viwili vyafaa kutajwa hapa kwa kuwa vinaonyesha jinsi ndege wa makundi wanavyosaidiwa wakiwa wengi kwa pamoja.

Mnamo Juni 2000, meli iliyoitwa Treasure ilizama karibu na Cape Town na kumwaga mafuta baharini. Pengwini wapatao 19,000 walichafuliwa. Wengine wapatao 19,500, ambao walikuwa bado safi, walikamatwa visiwani na kusafirishwa hadi karibu na jiji la Port Elizabeth, ambalo sasa huitwa Gqeberha, umbali wa mamia ya kilomita, kisha wakaachiliwa baharini. Waliogelea kurudi nyumbani kwa wiki chache, na muda huo ukatosha kusafisha maji ya visiwa vyao. Wale waliochafuliwa waliogeshwa mmoja baada ya mwingine na maelfu ya watu waliojitolea, na takriban asilimia 90 kati yao waliokolewa. Hakuna aliyeachiliwa kabla ya manyoya yake kuwa na uwezo wa kuzuia maji tena.

Kisa cha pili kilitokea Januari 2019 katika bwawa la Kamfers, mjini Kimberley. Ukame ulipokausha maji, heroe wadogo, ambao wengi huwaita flamingo, waliviacha viota na vifaranga vyao. Takriban vifaranga 2,000 waliokotwa na kupelekwa katika vituo mbalimbali nchini humo. Hao ni wa jamii ile ile inayopendeza maziwa ya Nakuru na Bogoria, ambayo katika eneo letu huzaliana Ziwa Natron, Tanzania. Wengi walikufa katika siku za kwanza. Walionusurika walilelewa kwa makundi, si mmoja mmoja, na baada ya miezi kadhaa wakarudishwa Kamfers ambako wenzao wazima walikuwapo.

Katika visa vyote viwili, kanuni ni moja: ndege wa kundi hutibiwa na wenzake, hulelewa na wenzake na huachiliwa na wenzake.

WASIOWEZA KURUDI

Ukweli mgumu ni kwamba si kila aliyeokolewa huweza kurudi. Nchini Rwanda, zaidi ya korongo 50 walibainika kuwa walemavu wa kudumu, hasa kwa sababu ya mbawa zilizokatwa au kuvunjwa. Kuwaachilia Akagera kungekuwa ni kuwapeleka kwa chui.

Kwa ajili yao, lilitengwa eneo la kinamasi lililorejeshwa katika hali yake ya asili karibu na jiji la Kigali, lenye ukubwa wa hekta 21, likaitwa Kijiji cha Umusambi. Humo hutembea bila vizimba vidogo, hujitafutia chakula majanini na huishi pamoja na wenzao. Watu wa mjini na watoto wa shule huzuru mahali hapo na kuwaona korongo ambao bawa lao moja ni ushahidi wa gharama ya pambo la bustanini.

Aghalabu watu hufikiri kwamba kumwachilia ndege ni wema na kumzuia ni ukatili. Kwa ndege hawa, kinyume chake ndicho kweli. Mtunzaji mwaminifu ni yule anayeweza kusema: Huyu hataenda.

JE, INAFAA?

Wapo wanaouliza kama gharama hii yote inastahili kwa ndege mia moja na ushee. Swali hilo ni la haki. Korongo wa porini waliohesabiwa nchini Rwanda mwaka 2017 walikuwa 487. Kufikia mwaka 2023, hesabu ilikuwa imepita 1,000.

Hata hivyo, itakuwa si kweli kudai kwamba ongezeko hilo lote limetokana na ndege walioachiliwa. Hesabu hiyo haiwezi kutoka kwa ndege 150 pekee. Limetokana pia na kukoma kwa wizi wa vifaranga, na kulindwa kwa vinamasi kama Rugezi, kaskazini mwa nchi, ambako wenyeji walioajiriwa hupiga doria na kuzungumza na majirani zao. Zaidi ya hayo, korongo hawajui mipaka, na huenda wengine huvuka kutoka Uganda na Tanzania.

Faida kubwa ya kuwarejesha wale wa bustanini ni kwamba kazi hiyo ilibadilisha mawazo ya watu. Jirani aliyemtoa korongo wake kwa hiari hawezi kununua mwingine. Mtoto aliyemwona akipelekwa mbugani hatapanda kinamasini kuiba yai. Ndege 150 waliondoka bustanini, na desturi ikaondoka nao.

UKIMPATA KORONGO SHAMBANI

Kwa msomaji wa Kenya, hasa anayeishi karibu na vinamasi, somo hili lina matumizi ya moja kwa moja. Hapa nchini, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali. Lakini hata pasipokuwa na sheria, mambo yafuatayo yafaa kuzingatiwa.

Ukimwona kifaranga akiwa peke yake majanini, usimchukue. Vifaranga wa korongo hujificha na kutulia tuli wanapohisi hatari, huku wazazi wakiwa mbali kidogo wakikungoja uondoke. Ondoka, uwaite watoto na mbwa, na utazame kutoka mbali. Mara nyingi wazazi hurudi.

Ukimpata korongo mzima aliyeumia au asiyeweza kusimama, mjulishe afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) aliye karibu nawe mapema iwezekanavyo. Ukilazimika kumwondoa barabarani, mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, shikilia mbawa zimlalie mwilini, na ujihadhari na mdomo wake, kwani hulenga macho. Mweke mahali penye giza, kimya na nafasi ya kusimama.

Usimfunge kamba miguuni. Usimlazimishe kunywa maziwa wala kula mkate au ugali. Usimchanganye na kuku wala bata. Usiwaalike majirani waje kumpiga picha, kwa kuwa kila uso mpya humwongezea hofu. Na ukipata korongo wawili au zaidi wamelala pamoja shambani bila jeraha, shuku sumu, usiwaguse kwa mikono mitupu, na utoe habari mara moja.

Iwapo kuna korongo aliyefugwa kijijini kwenu, usimfungulie usiku kwa huruma. Umeona ni mambo mangapi yanayohitajika kabla ya ndege huyo kuwa salama kwa kundi, na kundi kuwa salama kwake.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Korongo wa bustanini hakuiacha asili yake, bali alinyang'anywa. Kumrudishia kunahitaji daktari, subira, manyoya mapya, kinamasi chenye maji na msimu ufaao. Juu ya yote, kunahitaji kundi la kumpokea. Kundi hilo haliwezi kutengenezwa katika kizimba chochote, kwa hivyo njia ya hakika ya kumsaidia korongo anayeponywa leo ni kuwaacha kwa amani wale ambao hawajawahi kukamatwa.